Bukavu: Wazee watatu wa rock na bunda la zaire zilizokufa

Mwezi wa pili mwaka 2023, mzee mmoja wa Bagira, hapa mjini Bukavu, alipokea katoni kutoka Liège, Ubelgiji. Mtoto wa dada yake anaishi kule, na akipata msafiri humtumia mjomba wake vitu vidogo: viatu, sweta, miwani ya kusomea. Safari hii, chini ya sweta, mulikuwa kasha lenye DVD mbili, plastiki yake imepasuka pembeni. Kijana alikuwa ameweka karatasi ndani: "Mjomba, nimezipata kwenye soko la Jumapili kwa euro mbili. Si hawa ndio ulikuwa unatusimulia?"

Ndio hao. Lilikuwa onyesho la kundi la Cream, lililopigwa London mwaka 2005, wakati wanamuziki wake watatu walipokutana tena baada ya kuachana zaidi ya miaka 36.

Kwa wale wasiowafahamu: Cream ilianza mwaka 1966 kule Uingereza, watu watatu tu. Eric Clapton alipiga gitaa la solo, Jack Bruce alipiga besi na kuimba, Ginger Baker alipiga ngoma. Kundi lilidumu miaka miwili na miezi michache. Tarehe 26 mwezi wa 11 mwaka 1968 waliwaaga watu katika Royal Albert Hall, ukumbi wa duara uliofunguliwa London mwaka 1871, kisha kila mmoja akashika njia yake. Mwaka 1993 walikutana Marekani kwenye sherehe ya kuheshimiwa, wakapiga nyimbo tatu, wakaachana tena. Halafu mwezi wa tano mwaka 2005, tarehe 2, 3, 5 na 6, wakarudi katika ukumbi ule ule wa London kwa usiku nne. Video ilitoka mwezi wa kumi mwaka huohuo.

Mzee wa Bagira aliwafahamu Cream akiwa mwanafunzi wa bweni, mwanzoni mwa miaka ya 70. Mwalimu mmoja kijana kutoka Ubelgiji alikuwa na santuri zao na alikubali kuzipiga Jumamosi jioni. Wanafunzi wengine walisikiliza gitaa. Yeye alisikiliza ngoma. Baker alikuwa na ngoma mbili kubwa za mguu, moja kila upande, na kijana wa bweni alijaribu kumfuata kwa kupiga visigino juu ya sakafu, mpaka msimamizi akaja kumfukuza chumbani. Baadaye ndipo alipojua kwamba mzungu yule naye alijifunza akiangalia Afrika: alisikiliza rekodi za ngoma za bara letu, akaja Lagos, akapiga pamoja na Fela Kuti, na mwaka 1973 akafungua studio mjini humo. "Kumbe tulikuwa tunanunua kitu kilichotoka kwetu," mzee husema hadi leo, na kucheka.

Lakini si ngoma peke yake iliyomfanya asimulie habari za Cream kwa miaka yote hii. Ni ugomvi.

Bruce na Baker walifahamiana mbele ya Cream. Walipiga pamoja katika kundi la Graham Bond, na huko Baker alimfukuza Bruce. Inasimuliwa kwamba Bruce aliendelea kuja kazini kana kwamba hakusikia, mpaka Baker akamtishia kwa kisu. Mwaka 1966 Baker alimfuata Clapton ili waanzishe kundi. Clapton akakubali, kwa sharti moja: mpiga besi awe Jack Bruce. Kwa hiyo Cream ilizaliwa na kidonda tayari mwilini.

Mkongomani hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Zaïko Langa Langa ilianzishwa mwaka 1969, na mwaka 1974 Papa Wemba na wenzake wakatoka kwenda kuunda Isifi Lokole. Wenge Musica ilipasuka mwaka 1997, JB Mpiana upande huu, Werrason upande ule, na mitaa yetu ikagawanyika pamoja nao. Watu walingoja miaka 25 mpaka tarehe 30 mwezi wa sita mwaka 2022, walipoonekana tena jukwaani pamoja katika Stade des Martyrs, Kinshasa. Kila mtaa una orkestra yake iliyokufa kwa maneno.

Mzee wa Bagira pia alikuwa na yake.

Usiku wa kwanza umeme ulikuja saa tatu. Aliweka DVD, wajukuu wakakaa chini, mama wa nyumba akaketi pembeni na karanga zake. Wajukuu walivumilia nyimbo mbili. "Babu, hakuna wenye kucheza?" wakauliza, kisha wakaenda kulala. Mama alibaki. Aliwatazama wale wazungu watatu wenye mvi na kusema: "Hawa wamechoka."

Walikuwa wamechoka kweli. Clapton alikuwa ametimiza miaka 60 mwezi wa tatu mwaka huo. Baker alikuwa na 65 na maumivu ya viungo. Bruce alikuwa karibu kufikisha 62. Mwaka 2003 alibadilishiwa ini na nusura afe. Tena walikuja watatu peke yao. Hakukuwa na kijana wa kinanda wa kuziba matundu, wala waimbaji wa nyuma. Clapton, ambaye wakati wa Cream alikuwa anapiga gitaa za Gibson, sasa alishika Fender Stratocaster, na sauti ilikuwa ya chini kuliko ile ya ujana wao. Yeyote atakayetafuta kelele ya mwaka 1968 hataipata humo.

Mzee hakutafuta kelele. Alitafuta miguu ya Baker, na video ikampa. Hapo ndipo alipoona faida ya kutazama onyesho nyumbani. Ukumbi ule unachukua watu zaidi ya 5,000, na aliyekaa viti vya juu aliona watu watatu wadogo kama njiti za kiberiti. Lakini mtu wa Bagira, kwenye kiti chake cha plastiki, alikuwa amekaa karibu na magoti ya mpiga ngoma. Filamu ya kuagana ya mwaka 1968 inarukaruka, kamera inakimbilia uso na kusahau mkono. Hii ya 2005 ina uvumilivu. Kamera inangoja mpaka pigo limalizike. Na ukiwa na rimoti, unarudisha nyuma.

Alirudisha mara nyingi. Katika "Toad", wimbo wa ngoma, Baker anapiga peke yake karibu dakika 10. Nguvu za ujana hazimo tena. Kilichobaki ni hesabu: kila pigo linafika mahali pake, halina haraka, mguu wa kushoto hauulizi wa kulia. Mzee alimwambia mama: "Huyu hapigi kwa mikono. Anapiga kwa kukumbuka."

Wimbo uliomkamata zaidi ni "We're Going Wrong". Ni wa polepole. Baker anashika vijiti vyenye vichwa laini na kuzungusha mdundo kama maji yanayochemka chini ya kifuniko, na Bruce anaimba juu yake kwa sauti ya juu, ndefu. Katika wimbo kama huo hakuna mahali pa kujificha. Mpiga ngoma akiharakisha kidogo, mwimbaji anakosa pumzi. Mwimbaji akichelewa, ngoma zinabaki uchi. Kwenye DVD hizo wimbo huo umewekwa mara mbili, kutoka usiku mbili tofauti, na haufanani. Wazee wale hawakuwa wanakariri. Walikuwa wanasikilizana upya kila usiku, na kati yao kulikuwa na watu wawili ambao zamani walitishiana kisu.

Umeme ulikatika wakati mzee anarudisha wimbo huo mara ya nne. Katika giza mama aliuliza: "Na yule wako wa Kadutu?"

Hakujibu.

Yule wa Kadutu alikuwa mpiga besi. Walianza pamoja shuleni, wakaendelea baada ya shule. Walikuwa watano, wakipiga kwenye ndoa, ubatizo na sikukuu za mtaa. Walipiga nyimbo za Zaïko na za Franco, na usiku ukienda sana, wazazi wakiisha kuondoka, walipiga wimbo mmoja wa Cream na kuuingizia sebene ili watu wacheze. Mpiga ngoma ndiye alikuwa mweka hazina, kwa sababu hakunywa pombe.

Mwaka 1992 amplifaya ya besi iliungua. Walikubaliana kununua nyingine Bujumbura. Kwa miezi mitatu hakuna aliyegawiwa kitu. Pesa zote ziliingia katika kopo la maziwa ya unga kwa mweka hazina. Wanaokumbuka miaka ile wanajua zaire ilivyokuwa inayeyuka. Bei ya asubuhi haikuwa bei ya jioni. Mpiga besi alimwambia mara mbili: "Nunua dola kwa wabadilishaji pesa wa barabarani." Mweka hazina alikataa. Alisema pesa ya orkestra haichezewi barabarani, na kwamba yalibaki malipo ya ndoa moja tu ili hesabu itimie.

Malipo ya ndoa hiyo yalikuja. Alipokwenda kuuliza bei, kopo zima halikutosha kununua hata robo ya amplifaya. Akangoja tena. Ilipofika Noeli, lingenunua nyuzi za gitaa. Mwezi wa kumi mwaka 1993 serikali ikatoa zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani, na kopo likawa karatasi.

Wenzake walipouliza pesa ziko wapi, alijibu: "Zimekufa." Mpiga besi hakusadiki. Mwaka huohuo mweka hazina alikuwa amepaka nyumba yake rangi. Mpiga besi akasema mbele ya watu: "Zimekufa, lakini kuta zake zimefufuka." Watu wakacheka. Neno hilo lilipita Bagira na Kadutu yote. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Walikutana kwenye matanga tu, na hata huko walikaa pembe mbili tofauti. Wawili kati ya wale watano walizikwa hivyo.

Ajabu ni kwamba kopo lilikuwepo. Noti zote zilikuwa ndani, za 100,000 na za 500,000, zenye picha ya Mobutu, zimefungwa na mpira uliogeuka gundi. Mzee hakumwonyesha mtu. Mama alimuuliza mara nyingi sababu, na jibu alilipata usiku ule wa giza, baada ya miaka 30: "Ningezionyesha, wangejua sikuiba. Lakini wangejua pia kwamba yeye alisema kweli juu ya dola, na mimi ndiye niliyeua orkestra kwa ujinga."

Wiki iliyofuata alipiga simu Liège ili ashukuru. Alitaka pia kujua wazee wale wanaendelea namna gani. Alitumaini kusikia kwamba baada ya London waliishi kama ndugu. Kijana akatafuta, akamsomea. Mwezi wa kumi mwaka 2005 walikwenda New York, wakapiga usiku tatu katika Madison Square Garden, na huko Bruce na Baker waligombana tena, kwa jambo lile lile la zamani: besi inapiga sauti ya juu mno. Cream haikupiga tena. Jack Bruce alifariki tarehe 25 mwezi wa kumi mwaka 2014. Ginger Baker alifariki tarehe 6 mwezi wa kumi mwaka 2019.

"Kwa hiyo hawakupatana?" mzee aliuliza.

"Mjomba, hapa hawasemi hivyo. Wanasema tu walipiga."

Habari hiyo ilimkalia vibaya. Siku mbili hakugusa rimoti. Alikuwa amejenga moyoni mwake hadithi yenye mwisho mwema, sasa hadithi imevunjika. Siku ya tatu aliweka tena ule wimbo wa polepole. Haukuwa umebadilika. Ugomvi wa New York haukuingia ndani yake. Usiku ule wa mwezi wa tano ulikuwa umebaki mzima, na watu wawili ndani yake bado walikuwa wanangojana pumzi kwa pumzi.

Asubuhi alichukua kopo, akalifunga katika mfuko mweusi, akapanda motari mpaka Kadutu.

Mzee wa Kadutu alikuwa amekaa mlangoni, anaota jua. Alipatwa na ugonjwa wa mishipa miaka michache mbele, na vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunjiki vizuri. Kwa mpiga besi, ni mkono wa kushoto ndio unaozungumza. Alimtazama mgeni muda mrefu.

"Kuna kilio kwenu?"

"Hapana. Nimekuletea kitu."

Alifungua mfuko, akaweka kopo juu ya benchi. Mwenyeji akalifungua mwenyewe, kwa mkono wa kulia. Akatoa bunda, akalinusa, akaligeuza.

"Hii ni nini?"

"Ni pesa yetu. Ya amplifaya."

"Yote?"

"Yote. Hesabu."

Hakuhesabu. Alikaa nayo magotini. Binti yake aliyekuwa anafua nguo uani alisimama na kutazama, kisha akaendelea kufua.

"Miaka yote hii ilikuwa kwako?"

"Ilikuwa chini ya kitanda."

"Juu ya nini haukunionyesha?"

"Kwa sababu uliniambia ninunue dola."

Mzee wa Kadutu alianza kucheka, kicheko kikavu, kisha kikamgeuka, akalazimika kupangusa macho kwa kiwiko. Aliposema tena, sauti ilikuwa kali. "Niliita mtu mwizi miaka thelathini. Niliwaambia watoto wangu. Ungenionyesha siku ile ningekuita mjinga, tungelewana wiki ileile. Wewe ulipenda uitwe mwizi?"

"Nilipenda hivyo."

"Basi wewe ni mjinga mara mbili."

"Ndiyo," mgeni akasema.

Jumamosi yake mzee wa Kadutu aliletwa Bagira kwa gari la mwanawe. Umeme ulikuwepo tangu saa moja. Walikaa viti viwili sambamba, na mama akaweka chai na viazi vitamu. Mpiga besi hakutazama miguu ya Baker hata mara moja. Alitazama vidole vya Bruce, na mkono wake wa kushoto ulikuwa unajaribu juu ya goti, ule wenye vidole viwili vigumu. Kwenye "We're Going Wrong" alinyosha mkono kuomba rimoti. Akarudisha. Akarudisha tena.

"Hapa anachelewa," alisema.

"Hachelewi. Ni mwenzake anamngoja."

"Anachelewa, nakuambia. Mimi ndiye mpiga besi."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mama alisema baadaye kwamba hajasikia kelele tamu namna ile ndani ya nyumba hiyo tangu watoto waondoke.

Umeme ulipokatika, waliwasha taa ya sola na kumwaga bunda mezani. Mzee wa Kadutu ndiye aliyetoa wazo: pesa ya orkestra inagawanywa, hata ikichelewa. Wakatengeneza mafungu matano. Moja la kila mmoja wao. Moja la mwenzao anayeishi Uvira. Mawili ya familia za marehemu, ambayo watayapeleka wao wenyewe, pamoja, ili wale wajane na watoto wasikie kutoka kwa vinywa viwili kwamba hakuna aliyekula pesa za baba yao.

Noti nne zilibaki, haziwezi kugawanyika kwa tano. Mzee wa Bagira alisema ziwekwe akiba ya vyombo, kama ilivyokuwa desturi ya orkestra. Mzee wa Kadutu alikubali, kwa sharti moja: safari hii kopo likae Kadutu.